Skafoidi isiyounga: namba nne kabla ya kisu

Fomu ya kuomba picha iliyoandikwa "CT ya kifundo cha mkono" na saini chini yake bado haijasema kitu. Mtaalamu wa mionzi ataulaza mkono anavyoona yeye, mashine ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga picha slaisi kwa slaisi, itakata kwa kufuata kigasha, na daktari atapokea filamu mbili zenye vipicha arobaini ambavyo hata kimoja hakionyeshi skafoidi nzima kutoka ncha hadi ncha. Mgonjwa katoka Ludewa au Makete, kalala gesti, kalipia kipimo, na bado mpasuaji anaingia chumba cha upasuaji akikisia. Naandika kwa ajili ya fomu hiyo: nini kiandikwe, picha ipigweje, ipimwe wapi, na vipimo vinageukaje kuwa kipande cha mfupa na skrubu ya urefu unaojulikana.

Mfupa wenyewe kwanza. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili, na skafoidi, iliyo upande wa dole gumba, ndiyo inayozishika safu zote mbili kama boriti inayolalia kuta mbili. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la mashua, na kweli imepinda kama mashua. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, iwe bodaboda imeteleza kwenye mteremko wa Tukuyu mvua ikinyesha, au mchumaji wa parachichi kaponyokwa na tawi Njombe, au kijana kaangushwa mpirani Mafinga, uzito wote hupita hapo na mfupa hukatika, mara nyingi kiunoni.

Zaidi ya asilimia 80 ya uso wake imefunikwa na gegedu, kwa hiyo mishipa ya damu ina sehemu chache za kuingilia. Gelberman na Menon walionyesha mwaka 1980 kwamba asilimia 70 hadi 80 ya mfupa huu, pamoja na ncha yote iliyo upande wa kigasha, hulishwa na matawi ya ateri ya redia (redia ni mfupa wa kigasha wa upande wa dole gumba) yanayoingilia mgongoni mwa mfupa karibu na kiuno, kisha damu inarudi nyuma kuelekea kigashani. Kiuno kikikatika, ncha hiyo hubaki kama shamba lililofungiwa mfereji. Ongeza maji ya jointi yanayopenya katikati ya vipande viwili, na vipande vyenyewe kuchezacheza kila mkono ukigeuka, utaelewa kwa nini mfupa mdogo hivi hukataa kuunga wakati paja linaunga.

Huku kwetu kuna sababu nyingine. Mkono hauvimbi sana na vidole vinacheza, basi jeraha linaitwa kuteguka. Unakandwa maji ya moto wiki mbili tatu, maumivu yanapungua, mtu anarudi shambani. Yakimrudia Juni au Julai, lawama inapewa baridi. Hata aliyefika hospitali siku ile ile anaweza kuambiwa mfupa mzima, maana ufa wa skafoidi huweza usionekane kabisa kwenye eksirei ya kwanza. Ndiyo sababu mwenye maumivu akibonyezwa kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba ukilinyanyua hufungwa POP (plasta ngumu) kama aliyevunjika, kisha hupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Wiki nne zikipita bila kufungwa, uwezekano wa kutounga unapanda. Miezi sita ikipita na ufa bado uko wazi, hapo si kusubiri tena.

CT haifuti eksirei ya kawaida. Piga nne: ya mbele, ya ubavuni, ya mbele huku kiganja kimeelekezwa upande wa kidole cha mwisho ili skafoidi inyooke, na ya mshazari wa nyuzi 45. Ile ya ubavuni ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mkono ukigeuka nyuzi kumi tu, pembe zote zinadanganya. Iwe na redia, lunati (jirani wa skafoidi kwenye safu ya kwanza, ya upande wa kigasha) na kapitati (mfupa wa katikati wa safu ya pili) katika mstari unaosomeka, au irudiwe. Kutokana nayo unasoma lunati imelala vipi. Ikiinama kuelekea mgongo wa mkono zaidi ya nyuzi 15 kutoka mstari wa redia, au pembe kati ya skafoidi na lunati ikizidi 70 (kawaida ni kati ya 30 na 60), ujue skafoidi imeshakunjika. Kipande cha mbele (cha upande wa vidole) kimeinamia kiganjani, kipande cha nyuma (cha upande wa kigasha) kimefuatana na lunati kuelekea mgongoni, na mfupa umeota kibyongo.

Kibyongo hicho ndicho kiini cha kazi yote. Mfupa ukiungwa hivyo hivyo ulivyokunjika, eksirei ya miezi mitatu itapendeza na mgonjwa ataruhusiwa, lakini hatakunja kiganja nyuma vizuri na jointi itaanza kusagika. Kuunga peke yake hakutoshi. Lazima mfupa urudishiwe umbo lake, na umbo hilo halionekani kwa jicho kupitia mkato wa sentimita nne.

Basi kwenye fomu andika hivi: CT ya skafoidi, mikono yote miwili, slaisi za milimita 0.6 au nyembamba zaidi zinazopandana, picha zipangwe upya kwa mhimili mrefu wa skafoidi, data zote zitolewe kwa DICOM (muundo wa faili halisi za picha za hospitali). Andika pia upande ulioumia, tarehe ya kuumia, na kama kuna chuma ndani. Mstari wa mikono yote miwili ndio unaoleta ubishi, kwa kuwa unaonekana kama kumpa mgonjwa mionzi ya bure. Si ya bure. Mkono mzima, yaani usioumia, ndio ramani pekee ya jinsi mfupa uliovunjika ulivyokuwa, na mionzi ya kifundo cha mkono ni kidogo sana mradi mikono iwe mbali na kiwiliwili.

Hapo ndipo mkao unapoingia. Mgonjwa alale kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele juu ya kichwa kama anayepiga mbizi, viganja vimelala chini. Akiweka mkono tumboni kwa sababu bega linauma, mashine inalazimika kupenya tumbo ili kuufikia mkono: mionzi inaongezeka na picha inajaa chengachenga. Mzee asiyeweza kulala kifudifudi alale ubavu, mkono mmoja kwa wakati. Pete, bangili na saa zitoke. Funga viganja kwa mkanda laini juu ya sponji, kwa sababu mtikisiko mdogo tu hutengeneza mstari maradufu unaofanana na ufa. Picha ianzie sentimita tano chini ya jointi kwenye redia hadi mizizi ya mifupa ya kiganja. Ukikata redia fupi, baadaye hutakuwa na kitu cha kulinganishia mkono huu na ule.

Kosa moja nalitaja kwa uzito. Kama mtaalamu ameingiza kwenye mashine kwamba mgonjwa amelala chali ilhali amelala kifudifudi, alama za kulia na kushoto zinabadilishana. Kwa mikono miwili kwenye picha moja, hilo ni balaa. Bandika alama kwenye kigasha cha mkono ulioumia, mbali na mifupa midogo, na iandikwe kwenye ripoti.

Uwanja wa picha nao una hesabu yake. Picha moja ya CT ina vitone 512 kwa upande. Ukiacha uwanja wa milimita 500 uliotumika kwa tumbo la mgonjwa aliyepita, kila kitone ni karibu milimita 1, na ufa wa nusu milimita unapotea ndani yake. Ukiufunga uwanja kwenye milimita 120, kitone kinakuwa milimita 0.23. Kwa hiyo pigeni mikono yote kwa mpito mmoja, kisha kila mkono upangwe peke yake kwa uwanja wake mdogo. Ombeni seti mbili za data: moja kali ya mfupa kwa kuangalia ufa kwa macho, nyingine laini kwa kompyuta, kwa sababu ile kali ina chengachenga zinazoichanganya programu inapotenganisha mfupa na mfupa.

Kupanga picha kwa mhimili wa skafoidi ni kazi ya dakika tano kwenye kompyuta ya mashine. Skafoidi imelala kama nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa kigasha. Fungua picha ya mbele, vuta mstari kutoka katikati ya ncha ya nyuma hadi katikati ya ncha ya mbele, ugeuze bapa la ubavuni (uso wa mkato unaotazamwa kutoka ubavuni) lifuate mstari huo. Sasa mfupa wote unaonekana kwa urefu kama korosho, na kibyongo kikiwepo hakijifichi. Slaisi zilizokatwa kwa kufuata kigasha hukata korosho hiyo mshazari, na pembe utakayopima hapo haina maana yoyote. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, na machungu yake ni kwamba data nzuri zilikuwemo ndani ya mashine. Aliyekosekana ni mtu wa kuzigeuza.

Kabla ya kupima, angalia kama kuna cha kuokoa. Tazama jointi kati ya skafoidi na ncha ya redia upande wa dole gumba, kisha kati ya skafoidi na kapitati, kisha kati ya kapitati na lunati, maana usagikaji wa skafoidi isiyounga hufuata njia hiyo kwa mpangilio huo huo, na jointi ya redia na lunati husalimika mpaka mwisho. Nafasi ikiwa imekwisha kwenye ncha ya redia tu, bado mfupa unaweza kupandikizwa huku ncha hiyo ikipunguzwa. Ikiwa kapitati nayo imeanza kusagika, kupandikiza ni kumtesa mgonjwa bure. Zungumzeni habari ya kutoa safu ya kwanza ya mifupa, kama kichwa cha kapitati bado kizima, au kutoa skafoidi na kugandisha mifupa minne ya jirani. CT inaonyesha hili mapema kuliko eksirei, na inampunguzia mtu upasuaji usiomfaa.

Kama mfupa unaokoleka, kuna pembe na uwiano wa kupima kwenye slaisi ya katikati. Pembe ya ndani ya skafoidi kwenye bapa la ubavuni ikizidi nyuzi 35 imekunjika; ikizidi 45 matokeo ya kuiacha hivyo ni mabaya. Uwiano ni huu: weka mstari kwenye upande wa kiganja wa mfupa, pima urefu wake, pima kimo, gawanya kimo kwa urefu. Jibu likizidi 0.65, mfupa umeporomoka. Mimi nauamini uwiano kuliko pembe, kwa sababu watu wawili wakipima uwiano hukaribiana, ilhali pembe hutegemea kila mmoja anadhani uso wa jointi unaanzia wapi kwenye mfupa wa mviringo.

Kutoka hapo zinatoka namba nne ninazotaka ziandikwe kwenye faili kabla mgonjwa hajapangiwa siku: urefu wa skafoidi ya mkono mzima, upana wa pandikizi (kipande cha mfupa kitakachojaza pengo) upande wa kiganja, upana wake upande wa mgongo, na kina chake kutoka kiganja hadi mgongo.

Chukua mfano. Skafoidi mbovu imekunjika nyuzi 25 zaidi ya mwenzake, na kina cha mfupa pale kiunoni ni milimita 10. Ukiunyoosha kwa kuegemea upande wa mgongo, upande wa kiganja utaachia pengo la kama milimita 4.5. Lakini kingo za ufa ni nyeupe, ngumu, zimekufa, na lazima zichongwe mpaka mfupa wenye uhai. Tuseme milimita 1 kila upande. Pengo sasa ni milimita 2 mgongoni na 6.5 kiganjani. Hiyo ndiyo kabari yako: 2, 6.5, kina 10. Ukikata kabari ya milimita 4 kwa kukisia, kibyongo kinabaki. Ukilazimisha ya 9, vipande vinasukumwa mbali, lunati inainamia upande wa pili, na jointi inabanwa.

Urefu wa skrubu haupimwi kwenye mfupa uliovunjika. Huo umeshajifupisha. Pima mhimili wa kati wa skafoidi nzima ya mkono wa pili, toa milimita 4, yaani 2 kwa kila ncha ili skrubu izikwe chini ya gegedu. Mfupa wa milimita 26 unachukua skrubu ya 22. Skrubu isiyo na kichwa, ile ambayo Herbert na Fisher waliieleza mwaka 1984, ina hesi (mikato ya mzunguko) za hatua tofauti kwenye ncha zake na hubana vipande inapozunguka; ikitokeza nje ya mfupa hata milimita moja, ncha yake inakwaruza gegedu la redia kila mkono unapokunjwa.

Mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kwenda mbele zaidi kwa programu ya bure inayoitwa 3D Slicer. Ingiza DICOM, anza kutenga mfupa kwa kizingiti cha vipimo 200 hadi 250 vya Hounsfield (kipimo cha uzito wa tishu kwenye CT), kisha tenganisha kwa mkono pale mifupa inapogusana, maana gegedu ni jembamba na programu huunganisha skafoidi na kapitati kama kitu kimoja. Skafoidi nzima igeuzwe kama kwenye kioo, na redia yake igeuzwe pamoja nayo. Baada ya kugeuza, uso wa modeli huwa ndani nje, urekebishe kabla ya kuendelea. Linganisha redia na redia kwanza, ndipo uone vipande viwili vya mfupa mbovu vimehama kiasi gani kutoka kwenye kivuli cha mfupa mzima. Panga kila kipande juu ya kivuli hicho. Nafasi inayobaki katikati ndiyo pandikizi. Mikono miwili ya mtu haifanani kabisa, lakini tofauti yake ni ndogo kuliko kosa la kukisia. Kama mkono wa pili nao uliwahi kuvunjika, njia hii imefungwa na unabaki na uwiano.

Tahadhari kuhusu picha zile za rangi zinazozunguka kwenye skrini. Zinampendeza mgonjwa na zinasaidia kumweleza, lakini programu hulainisha uso, na kulainisha huziba ufa mwembamba. Mfupa usiounga unaweza kuonekana umeunga. Amua kwenye slaisi, eleza kwa picha ya rangi.

Printa ya kuchapa modeli ikipatikana, tabaka la milimita 0.1 hadi 0.2 linatosha, na modeli ipimwe kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili) kabla ya kuaminiwa. Plastiki ya PLA hulainika kwenye joto la kama nyuzi 60, kwa hiyo usithubutu kuiingiza kwenye mashine ya kutakasia ya nyuzi 121. Itatoka imepinda, na kabari iliyopinda ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Itumie mezani kwa mazoezi, na chumbani iwe ndani ya mfuko uliotakaswa. Tukuyu na kwingine kwenye unyevu mwingi, uzi wa PLA hunyonya maji na kuchapa vibaya. Uhifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa. Bila printa, zile namba nne, rula ya chuma na kalipa iliyotakaswa vinafanya kazi hiyo hiyo.

Kuhusu damu kwenye ncha ya nyuma, CT haijui. Ncha ikionekana nyeupe kuliko mifupa jirani, inaweza kuwa imekufa, au jirani zake wamepungukiwa madini kwa mkono kutotumika huku yenyewe ikibaki ilivyokuwa. MRI yenye dawa ya gadolini inasaidia zaidi. Hata hivyo shahidi wa mwisho ni vitone vya damu vinavyotokea mfupa ukichongwa huku kamba ya kuzuia damu imelegezwa. Visipotokea, mpango wa kabari ya kawaida uwe na mwenzake tayari: pandikizi lenye mshipa wake, kama lile la mgongoni mwa redia aliloeleza Zaidemberg mwaka 1991. Mgonjwa wa namna hii ndiye wa kupelekwa mapema Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na data zake zitangulie.

Kuzituma nako kunaharibika. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani na kurushwa WhatsApp haipimiki. Sentimita 10 kwa hatua ya milimita 0.3 ni picha kama 333, kila moja nusu megabaiti, jumla karibu 170. Hiyo inaingia kwenye flashi au CD, na hata mtandao wa simu usiku unaibeba ikibanwa. Fungua folda kwenye kompyuta nyingine kabla mgonjwa hajaondoka, kwa kuwa CD nyingi hufika zikiwa na ripoti tu, picha hazimo.

Chumbani, ufa wa kiunoni wenye kibyongo hufikiwa upande wa kiganja. Ufa wa ncha ya nyuma hufikiwa mgongoni, skrubu ikiingilia huko huko. Lunati hurekebishwa kwanza: kunja kiganja mpaka kwenye eksirei lunati inyooke na redia, izuie kwa waya wa milimita 1.6 kutoka redia, kisha rudisha kiganja nyuma. Pengo la skafoidi litajifungua lenyewe upande wa kiganja, na likikaribiana na namba yako ujue mpango ulikuwa sahihi. Likizidi kwa milimita mbili tatu, usikimbilie kukata kabari kubwa; angalia kama lunati imenyooshwa kupita kiasi. Chonga kingo kwa maji baridi yakitiririka, maana drili yenye joto inaua mfupa unaotaka kuuokoa. Kabari ikatwe kwenye ukingo wa nyonga, angalau sentimita 3 nyuma ya ncha ya mbele ili kuukwepa mshipa wa fahamu wa ngozi ya ubavuni mwa paja, ikiwa na ganda gumu upande utakaotazama kiganja. Kabla ya skrubu, pitisha waya wa pili kando ya ule wa kuongoza. Bila huo kabari huzunguka au hutoka nje skrubu inapobana. Kagua kwa eksirei ya mbele, ya ubavu na ya mishazari miwili, kwa sababu skrubu iliyotokeza hujificha kwenye picha mbili na kuonekana kwenye ya tatu.

Mvuta sigara aelezwe waziwazi kwamba tumbaku inapunguza uwezekano wa kuunga, na aelezwe kabla ya siku ya upasuaji.

Wiki ya 12 piga CT tena, mkono mmoja tu, kwa mhimili ule ule wa skafoidi. Chuma cha titani hutia kivuli kidogo kuliko chuma cha pua, kwa hiyo slaisi nyembamba bado zinasomeka. Hesabu slaisi ambazo mfupa umevuka pengo, upande wa ncha ya mbele na upande wa ncha ya nyuma ya kabari, kwa sababu upande mmoja unaweza kuunga na mwingine usiunge. Nusu ya upana ikiwa imevuka pande zote mbili, POP haina kazi tena. Ikiwa chini ya nusu, mkono urudi kwenye kifungio wiki sita nyingine, hata kama mgonjwa anasema hauumi.